Manjano Si Jibu

Kitabu nilichokisoma kwa makini zaidi mwaka huu hakina mhusika, hakina mazungumzo, na kurasa zake nyingi ni michoro ya midomo na vitako vya vyungu. Mwandishi ni Jacqueline Pearce, kilichapishwa London mwaka 1992, na kinahusu vyombo vya udongo vilivyofinyangwa mpakani mwa kaunti za Surrey na Hampshire, kusini mwa Uingereza, vikauzwa London katika karne ya 16 na ya 17. Waingereza huviita Border ware. Mimi nitaviita vyombo vya mpakani. Najua unachotaka kuniuliza. Kwani riwaya zimeisha? Hazijaisha. Ila nataka kukitetea kitabu hiki hapa, mbele ya watu wa fasihi, tena nikitetee dhidi ya vitabu vinavyosomwa zaidi yake, kwa sababu kinajua jambo moja kuhusu usomaji ambalo sisi wahakiki tunalikariri darasani halafu tunalisahau tukifika nyumbani: sura ya juu ya kitu haitoshi kuwa ushahidi.

Sura ya juu, hapa, ni manjano. Ukitembea kando ya mto Thames wakati wa maji kupwa, pale London ya kati, utakanyaga vigae. Si vigae vya bafuni, ingawa Kiswahili kimeamua kwamba neno ni lile lile. Nasema vipande vya vyungu na sahani, vya miaka mia nne iliyopita na vya juzi, vimechanganyika kama maharagwe na mawe kwenye gunia. (Kuokota kunahitaji kibali cha mamlaka ya bandari ya London, na kitu chenye zaidi ya miaka 300 kinatakiwa kionyeshwe kwa ofisa wa makumbusho akisajili. Usije ukasema sikukwambia.) Vyekundu ni vingi, vyeupe vyenye maua ya buluu ni vingi zaidi, lakini kinachokamata jicho ni kile cha manjano, kimelowa, kinang'aa kama kiini cha yai kwenye tope la kijivu. Na hapo ndipo hadithi inapoanza kujitunga yenyewe. Ni cha enzi ya Tudor! Ni cha mfalme Henry na wake zake sita! Hebu fikiria mkono wa mwisho uliokishika kabla hakijadondoka!

Huo mkono wa mwisho umekuwa mhusika mkuu wa aina nzima ya uandishi. Lara Maiklem, katika Mudlarking ya mwaka 2019, anaufuata mto kutoka pale maji ya bahari yanapokomea hadi unapomwagika baharini, na kila anachookota kinamfungulia mlango wa hadithi. Ni kitabu kizuri, nasema bila kinyongo. Maiklem ana jicho, ana subira, na hajifanyi profesa. Lakini mlango ukishafunguka, mara nyingi kigae kinabaki nje. Kabla yake alikuwepo Ivor Noël Hume, mtu aliyejifundisha kazi mwenyewe, akaokota vigae kwenye mto huo huo, akafanya kazi katika Makumbusho ya Guildhall, kisha mwaka 1957 akahamia Williamsburg, Virginia, akawa mmoja wa walioijenga akiolojia ya makoloni ya Kiingereza kule Marekani. Kitabu chake cha mwaka 2001, kuhusu vyombo alivyokusanya yeye na mkewe Audrey, kinaitwa If These Pots Could Talk. Yaani, laiti vyungu hivi vingeweza kusema. Jina tamu sana, na Noël Hume mwenyewe alijua kazi kuliko jina hilo linavyodokeza. Ila silipendi. Chungu hakina haja ya kusema. Chungu ni shahidi wa kuhojiwa, mbishi kidogo, anayejibu swali aliloulizwa na kunyamaza. Ukimuuliza swali bovu, kwa mfano wewe ni wa rangi gani, atakupa ukweli mtupu usiokusaidia kitu.

Maana manjano ile si rangi iliyopakwa. Ndiyo ajabu yake. Mfinyanzi alichukua madini ya risasi yaliyosagwa, akayaweka juu ya chombo, akakiingiza tanuri. Joto likikaribia nyuzi 1,000, risasi na mchanga ulio kwenye udongo huyeyuka pamoja na kuwa kioo. Kwa kukosa neno lililozoeleka nitauita mpako wa kioo, kwa sababu ndivyo ulivyo hasa. Kioo hicho karibu kiwe angavu, ila kina uchafu kidogo wa chuma unaokipa wekundu wa asali. Kikikaa juu ya udongo mweupe, jicho linaona manjano. Kioo hicho hicho kikikaa juu ya udongo mwekundu, jicho linaona kahawia, au rangi ya machungwa. Ukiongeza shaba, unapata kijani. Ukiongeza manganisi, unapata kahawia nzito inayoelekea zambarau. Kwa hiyo, kwa fundi wa udongo mweupe, manjano ni kile kinachotokea usipotia kitu. Ni kijani ambacho hakikununuliwa shaba.

Unachokitazama basi ni dirisha. Kusema kigae ni cha manjano ni sawa na kurudi kutoka safari ukasema umeona vioo vya basi. Hata kwetu Pwani, kule Gedi, wachimbaji walipata vigae vya manjano vyenye michoro myeusi, vilivyoletwa kutoka Yemen karne ya 14 hivi. Ukivitia mfukoni pamoja na vya Thames, jicho la haraka litaviita ndugu. Havina undugu wowote. Na tope nalo lina mambo yake: kigae kilicholala mahali pasipo na hewa kwa karne kadhaa, risasi yake inaweza kugeuka nyeusi, na wewe ukakipita ukidhani ni mkaa.

Swali zuri ni hili: nyuma ya kioo kuna nini? Na pa kuchungulia ni pamoja tu, pale chombo kilipovunjika. Mimi napaita jeraha.

Osha kigae, kiache kikauke, kigeuze jeraha lielekee mwangani. Kama una lenzi ya kukuzia, ndiyo wakati wake. Tuseme jeraha ni jeupe kutoka upande wa ndani hadi wa nje. Si weupe wa karatasi, ni weupe wa maziwa yaliyodondokewa chai, au una upinki kidogo. Ni gumu. Limejaa chembe laini za mchanga, na hapa na pale kidoa chekundu cha chuma. Sasa vyombo vya mpakani vinaanza kuwezekana. Usiruke bado. Angalia mpako umekaa wapi. Mara nyingi manjano ipo ndani tu, na nje pako wazi, au pana matone yaliyoteremka na kukauka njiani, kwa sababu risasi iligharimu pesa na fundi hakuimwaga pasipohitajika: ndani ndiko kunakogusa mchuzi. Nje kukiwa na masizi, pengine umeshika chungu cha kupikia, kile cha miguu mitatu na mpini, ambacho mdomo wake una kingo ya ndani ya kukalia kifuniko. Kiliwekwa moja kwa moja juu ya makaa. Mama yeyote aliyepika kwa jiko la makaa angeelewa umbo lile bila kuhadithiwa.

Tuseme sasa jeraha ni jekundu, ila chini ya manjano pana mstari mwembamba mweupe, kama siagi kwenye mkate. Huyu ni mwingine kabisa. Mafundi wa eneo la London walikuwa na udongo mwekundu, na wateja walitaka vyombo vya rangi ya kung'aa. Wakafinyanga chombo chekundu, wakakichovya kwenye uji wa udongo mweupe, ndipo wakaweka mpako. Juu, manjano ni ile ile. Ndani, ni kanzu ya mtu mwingine. Wanaakiolojia wa London wana vifupisho vyao: BORDY ni chombo cha mpakani cha manjano, PMSRY ni hiki chekundu kilichovaa nyeupe, na hiki cha pili kinaanza mapema zaidi, mnamo mwaka 1480, wakati manjano ya mpakani inahesabiwa tangu mwaka 1550 hivi hadi 1700. Unaona basi. Mstari wenye unene wa ukucha unaweza kukuhamisha miaka sabini na kukutoa kaunti moja hadi nyingine. Mtu anayebandika picha mtandaoni na kuandika "Tudor!" hajauona, kwa sababu kigae amekipiga picha kwa mbele.

Au jeraha ni jekundu, na manjano ni mistari tu juu ya kahawia: uji mweupe uliochorwa kwa kumiminwa, kama mtu anayeandika jina juu ya keki. Hao ni mafundi wa Harlow, Essex, wa karne ya 17, waliopenda kuandika maneno ya dini na tarehe kwenye vyombo. Kipande kidogo kilichovunjikia katikati ya herufi kinaweza kuwa cha manjano kitupu, na usijue kwamba umeshika sehemu ya neno. Mfano huo naupenda kuliko yote. Karibu kila uhakiki mbaya niliowahi kusoma umefanya hivyo: umeshika kona ya herufi, ukasifu rangi.

Wapo pia wanaotatiza hata wazoefu. Kutoka ng'ambo ya bahari, Uholanzi na ile nchi ya mto Rhine, vilikuja vyombo vya udongo mweupe, manjano ndani na kijani nje, vyenye miguu mitatu vilevile. Hapo lenzi haitoshi, wanaomba hadubini, na majibu yao yanakuja yakiwa na "pengine" nyingi. Hizo "pengine" ni sehemu ya sababu ya kunifanya niipende fasihi hii kavu. Katika hadithi za mto, "pengine" hutumika kuongeza: pengine alikuwa mjakazi, pengine alikuwa na mpenzi. Katika katalogi hutumika kupunguza. Mwandishi anarudi nyuma hatua moja, mbele yako, bila kuona haya.

Majina nayo, wacha tu. Nimekuja kuamini kwamba nusu ya ugumu wa somo hili ni majina yaliyotolewa na watu waliotazama soko badala ya tanuri. Kuna vyombo vyembamba vya kijani vinavyoitwa Tudor Green, ndugu wakubwa wa hawa wa mpakani. Vilianza karne ya 14, na mfalme wa kwanza wa Tudor alitwaa kiti mwaka 1485. Vile vya Harlow vinaitwa Metropolitan, yaani vya jiji kuu, kisa vimepatikana kwa wingi London. Kuna vyombo vyeusi vinavyoitwa Cistercian, jina la watawa, kwa sababu viliokotwa kwenye magofu ya nyumba za watawa, watawa hawakuvifinyanga. Sisi hatuna haki ya kucheka sana. Kitambaa cha merikani kilipata jina kwa kuwa kilitoka kwenye viwanda vya Massachusetts, kisha kikaja kutoka kwingine, na jina likaendelea kuvaliwa. Lakini merikani haikumdhulumu mfumaji wa hapa petu. Majina ya vigae yanamdhulumu mtu, na huyo mtu tunaye kwenye barua.

Mwezi Agosti mwaka 1594, Sir Julius Caesar (ndiyo, ndilo jina lake), mwanasheria na jaji, mwanachama wa Inner Temple, moja ya nyumba za mawakili wa London, alimwandikia Sir William More wa Loseley, Surrey. Askofu wa Winchester alikuwa amefariki na kiti chake kilikuwa wazi. Katika kipindi hicho More alikuwa miongoni mwa waliokabidhiwa mambo ya hifadhi ya askofu pale Farnham, na ruhusa ya kuchimba udongo mweupe ilikuwa imebanwa. Caesar anaomba ifunguliwe. Sababu yake ni kwamba mabwana wa Temple wamezoea kunywea vikombe vya kijani, vikombe hivyo hufinyangwa kwa udongo wa hifadhi ile, na mtu aliyeileta barua ndiye huuchimba, hulipia, na kuufanyia kazi. Aruhusiwe achukue wa kutosha mahitaji ya nyumba.

Nimeirudia barua hiyo mara nyingi. Mwandishi ana jina. Mpokeaji ana jina. Askofu ana cheo, mabwana wana kiu. Mtu aliyesimama mlangoni akiwa ameishika karatasi, mwenye kujua udongo gani ni wa kuchimba na upi wa kuacha, anaitwa mleta barua. Tena anaitwa hivyo mara mbili.

Barua inazungumzia kijani, siyo manjano, lakini ulishaona tofauti ni shaba tu. Udongo ni ule. Ndiyo maana jeraha lina uzito kwangu kuliko mpako. Ukisema "Tudor", umempa kigae mfalme. Ukisema "manjano", umekipa jicho lako mwenyewe. Ukisoma weupe ule, chembe zile za mchanga, kidoa kile cha chuma, umefika kwenye mashimo ya Farnham, Ash, Cove na Farnborough, ambako yupo mtu na sepetu. Katalogi ya Pearce haimpi jina mleta barua. Inampa kitu kingine: jinsi mpini ulivyobandikwa, dole gumba lilipobonyeza, mdomo ulivyokunjwa. Mwaka 2007 alitoa kitabu kingine kuhusu matanuri yaliyochimbuliwa Farnborough Hill, na humo unafika kabisa kwenye takataka za kiwandani, vyombo vilivyoharibika motoni na kutupwa. Hakuna mkono wa mwisho pale. Ni mkono wa kwanza.

Na kama bado unautaka mkono wa mwisho, ngoja nikupe mmoja wa kweli. Miongoni mwa vyombo vya mpakani kuna vibubu, vya kuhifadhia pesa, mviringo kama kitunguu, vina tundu la kupitishia sarafu na havina mlango. Mwaka 1989 wanaakiolojia waliokuwa wakichimba mabaki ya jumba la michezo la Rose, lililojengwa Bankside mwaka 1587, walipata vipande vya vibubu vya namna hiyo. Inasadikika ndivyo vilivyotumika kukusanyia viingilio vya watazamaji. Kwa kibubu, kuvunjika ndiyo matumizi. Mkono wa mwisho haukuteleza, haukulia, haukukumbuka mtu. Ulikivunja kwa makusudi ili kuhesabu mapato. Msimulizi aliyezoea kukiona kila kigae kama ajali ndogo ya huzuni hana pa kuiweka habari hii. Anayeanza na umbo anaijua mara tu anapoona tundu.

Ukipanda kaskazini, Midlands, mambo ni mengine na nitapita haraka. Ticknall, Derbyshire, na Staffordshire walikuwa na udongo wao wa rangi hafifu, na vyombo vyao vya manjano vya miaka ya kati ya 1550 na mwanzo wa karne ya 18 vina jeraha laini zaidi, la rangi ya krimu au hudhurungi nyepesi. Burslem wakaja na ile sahani maarufu, manjano yenye mistari ya kahawia iliyochanwa kama kwa kitana, kingo zake zimebonyezwa kama sambusa. Robert Plot, aliyechapisha historia yake ya Staffordshire mwaka 1686, alieleza walivyofanya kazi: udongo huu wa mwili, ule wa kuchorea, na madini ya risasi yaliyopondwa, yakachekechwa, yakanyunyiziwa juu ya chombo kama unga. Vumbi hilo watu walilivuta. Sumu ya risasi iliwatesa wafinyanzi wa Staffordshire mpaka karne ya 20, na kila mtu anapoandika kuhusu "mng'ao wa asali" wa vyombo hivi, mimi nafikiria chekecheo.

Karne ya 18 inarahisisha mambo. Chombo chembamba, sawasawa kila mahali, cheupe kinachoelekea krimu, ni kazi ya Josiah Wedgwood na walioshindana naye. Geuza kitako, tazama mpako ulipojikusanya kwenye kona ya duara la kukalia. Ukiwa wa manjano-kijani, ni kizazi hicho cha miaka ya 1760 na kuendelea. Ukiwa na ubuluu, ni kizazi kilichofuata. Mwisho wa karne hiyo na mwanzo wa ya 19 wakatengeneza vikombe vya manjano nzito kama ya ndege wa kanari, isiyopitisha mwanga, na hapo ndipo hatimaye manjano inakuwa rangi kweli, iliyotiwa kwa kukusudia. Bakuli nene za jikoni za karne ya 19, kutoka upande wa Swadlincote, ni kinyume chake: udongo wenyewe ukichomwa huwa wa manjano, jeraha na uso ni mamoja. Hizo hazina siri, na bei yake inaonyesha.

Sahani zile za Burslem zilifanya safari isiyotarajiwa. Mwaka 1909 Charles Lomax alichapisha kitabu kuhusu vyombo vya zamani vya Kiingereza, akakiita Quaint Old English Pottery. Vya zamani, vya kupendeza kwa ushamba wao. Ndivyo ninavyolisoma neno quaint, na nalichukia. Nakala moja ilifika Tokyo, mikononi mwa Tomimoto Kenkichi na rafiki yake Bernard Leach, na Leach akaujua ufinyanzi wa nchi yake akiwa Japani, kwa picha. Alirudi Uingereza mwaka 1920. Mwanafunzi wake Michael Cardew akafufua vyombo vya uji na mpako wa risasi pale Winchcombe kuanzia mwaka 1926, kisha akaenda Afrika Magharibi na kuanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria, alikofanya kazi Ladi Kwali. Na mwaka 1974 akafika Abuja kujifunza mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Nairobi, Magdalene Odundo, aliyekuwa akisomea sanaa Farnham.

Farnham ile ile ya hifadhi ya askofu. Odundo ameishi na kufanya kazi huko kwa miaka mingi, mwendo mfupi kutoka mashimo ya mleta barua. Sidai kwamba kazi zake zinatokana na vyombo vya mpakani. Hazitokani, na anayetafuta undugu huo atakuwa ametumbukia kwenye shimo la wale wa "Tudor". Vyombo vyake havina mpako wa kioo kabisa. Anavijenga kwa mkono bila gurudumu, anavipaka uji laini wa udongo, anavisugua hadi ving'ae, na moto ndio unaoamua: hewa ikiwepo, rangi ya machungwa, hewa ikinyimwa, nyeusi. Kwake, uso ni udongo. Hakuna dirisha. Katika onyesho lake la mwaka 2019 kule Wakefield aliviweka vyombo vyake kati ya vitu vya zama na nchi nyingi, na wahakiki kadhaa walishika kamusi ya kawaida: umaridadi, shingo, mwili wa mwanamke. Ni kamusi ya uso. Wachache waliuliza udongo, ukuta wake una unene gani, mikunjo ya ndani imeunganishwa vipi. Swali la mfinyanzi lingekuwa hilo la kwanza.

Narudi kwa Pearce, na kwa michoro. Kuna kanuni ya kuchora vyungu katika akiolojia ya Kiingereza ambayo nilipoielewa ilinibadilishia namna ya kutazama ukurasa. Chombo hukatwa katikati kwa mstari wa wima. Upande wa kulia unaonyeshwa kwa nje, kama kilivyokaa mezani. Upande wa kushoto kimepasuliwa: ukuta umejazwa wino, unene wake unaonekana, kingo ya kifuniko inaonekana, na ndani panaonekana. Kila chombo, hata kilicho kizima, kinachorwa kana kwamba kimevunjika, kwa kuwa kizima hakisomeki. Sijui mhakiki wa riwaya aliyewahi kupata mbinu safi kuliko hiyo.

Kitabu kina kasoro, tena siyo ndogo kwa msomaji wa kawaida. Kimepangwa kwa maumbo, kwa hiyo mwenye kipande cha ukubwa wa sarafu anatakiwa ajue kwanza kilikuwa chungu, sahani au kinara cha mshumaa ndipo kitabu kimsaidie, na hicho ndicho alichokuja kuuliza. Lugha yake haina huruma. Ukikipata maktaba, usianze na utangulizi. Anza na michoro ya midomo, uifuatishe kwa kidole upande wa kushoto, ule uliojazwa wino, kisha chukua kikombe chochote cha kwako kilichopasuka na ujaribu kukichora hivyo.